Aliyekumbuka Yote Isipokuwa Maji

Sikumwamini, na wengi hawakumwamini. Hilo naliweka mbele mapema, maana siku hizi mtu akihama kijiji husifiwa hata na waliomfukuza.

Kwetu aliitwa Katekista tu. Jina la ubatizo alikuwa nalo, lakini sijawahi kumsikia mtu akilitumia. Alikuwa mrefu, mwembamba, shati limefungwa mpaka kifungo cha shingoni, na alitembea kama mtu anayesikiliza kitu nyuma yake. Ukimwona njiani ungedhani ameitwa. Mara nyingi kweli alikuwa ameitwa, ila alikuwa ameshasahau ameitiwa nini.

Mimi si mtu wa huko. Nimezaliwa Liuli, pwani ya ziwa, katika nyumba ya Waanglikana, nikaolewa juu milimani upande wa Mapera, kwa Wamatengo, watu wa kahawa na maharage, Wakatoliki. Kabla ya ndoa ilibidi nifundishwe dini yao, na aliyenifundisha ni yeye. Nilimkuta kwenye benchi la kigango, kanisa lao dogo la kijijini, hana kitabu. Akanipa somo zima kwa kichwa, neno kwa neno, akinitajia hata ukurasa. Alipomaliza akakohoa, akaniangalia, akauliza, "Haya dada, tuanze?"

Nilidhani ananitania. Halafu nikadhani ananipima. Jioni nikamwambia mchumba wangu, "Mwalimu wenu yule ana lake jambo."

Akacheka. "Utamzoea. Yule anasahau anapotaka."

Anasahau anapotaka. Maneno hayo niliishi nayo miaka mingi, na kila Katekista alipofanya kituko niliyatoa nikayapima juu yake, nikaona yanamkaa sawasawa kama koti lililokatwa na fundi wake.

Kwanza niseme alichokumbuka. Jumapili ambazo padre hakufika, yeye ndiye aliyeongoza ibada, na alisoma masomo akiwa ameangalia watu, si kitabu. Alijua nani alimsimamia nani kwenye ubatizo, nani alikuja kipaimara na viatu vya kuazima, na viatu vilikuwa vya nani. Ukimwambia, "Mwaka ule mvua iliponyesha vibaya," anakuuliza, "Upi? Ule uliobomoa jiko la masista, au ule ambao baba yako alisema kahawa ni laana akaing'oa mistari miwili, kisha akalia?"

Hapo ndipo shida ilipokuwa. Watu wanapenda mzee anayekumbuka hadithi za mababu. Hawapendi mzee anayekumbuka ulichosema wewe. Katika sherehe moja ya harusi alisimama kuombea maharusi, akasimulia kwa furaha jinsi baba wa bwana harusi alivyomkataa mama wa bwana harusi mara mbili kabla ya kumchukua, na maneno aliyoyatumia. Hakuwa na nia mbaya. Au ndivyo alivyoonekana. Baba yule alicheka na watu, lakini nilimwona akishika glasi kama anayetaka kuivunja. Tangu siku ile nikajiuliza: mtu anayejua hivi siri za nyumba zote, halafu anajifanya hajui hata kiatu chake kilipo, si ndiye wa kumwogopa?

Kwa upande wa pili alikuwa aibu tupu. Alikuja kanisani mguu mmoja una buti la mvua, mwingine kandambili. Alitumwa mjini Mbinga akalete mishumaa ya Pasaka, akarudi na misumari, na alipoulizwa akaitazama ile misumari kwa mshangao wa kweli, au wa kuigiza, mimi sikuweza kutofautisha. Alianza Nasadiki, mtoto akalia, akamgeukia mama yake akamwambia, "Mpe titi," kisha akaianza Nasadiki upya kutoka mwanzo. Vijana wakachekea mikononi. Mama mkwe wangu, ambaye alikuwa hamwonei mtu haya, alisema, "Anatuchelewesha makusudi ili tusiwahi kwenye pombe."

Na ajabu, hakuona aibu kujieleza. Ukimtuma alikwambia, "Niambie moja, nitalifanya. Ukiniambia mawili, hujaniambia kitu." Siku moja nilimuuliza waziwazi inawezekanaje mtu ajue litania nzima ya watakatifu, kisha apoteze alichoambiwa sasa hivi mlangoni.

Akanyoosha kiganja. "Mama Hyasinta, ya zamani nimeyapanda, yana mizizi. Nikiondoka nikirudi nayakuta. Ya sasa nimeyashika mkononi, na mkono wangu ni mdogo. Ukinipa mkono kunisalimu, nayaangusha."

Lilikuwa jibu zuri mno. Mimi jibu zuri mno hunitia wasiwasi. Mtu asiye na kitu cha kuficha hujikwaa anapoeleza, na huyu alieleza kama mtu aliyejiandaa.

Basi nikamjaribu. Alikuwa anapita kwetu, nikamwambia, "Katekista, ukifika juu mwambie shemeji yangu anirudishie nyungo, mwulize kama mbuzi amezaa, na ukirudi unichukulie kisamvu kwa mama mkwe." Akasimama, midomo ikicheza. Akasema, "Nyungo." Akaenda. Alirudi na mbuzi. Mbuzi mzima, kwenye kamba, na nyuma yake shemeji yangu Kandidus anakuja mbio anauliza nani ameagiza mbuzi wake. Tulicheka mpaka tukakaa chini, na Katekista alicheka kuliko wote. Lakini usiku wa kicheko hauondoi maswali ya asubuhi. Mjanja akitaka kuonekana mjinga, angefanya nini zaidi ya hicho?

Mara nyingine nilimwona akiwa peke yake, na hili sikulisema kwa mtu. Nilikuwa nachuma majani ya maboga juu ya nyumba yake, naye hakujua nipo. Alitoka ndani, akafika mlangoni, akasimama. Akarudi ndani. Akatoka tena, akasimama palepale, akajigonga paji la uso kwa vidole, taratibu, kama anayebisha hodi kwa mtu aliyelala. Akarudi. Mara ya tatu alitoka na jembe, akaliangalia jembe, akaliegemeza ukutani, akakaa kwenye kizingiti. Alikaa pale kwa muda, na uso wake haukuwa uso wa mtu anayecheka.

Pale nilikaribia kumwamini. Nikajiambia, hapa anamwigizia nani? Kisha kichwa changu kikanijibu: labda amekuona.

Nimeolewa na mtu aliyekuwa kinyume chake kabisa, na labda ndiyo sababu sikuweza kumwelewa. Baba Hyasinta alikuwa katibu wa kikundi chetu cha kahawa. Ungemkuta kwenye mizani, simu imebanwa begani anaongea na watu wa ushirika, mkono mmoja unaandika, jicho liko kwa vijana wanaopakua, na katikati ya yote anamgeukia mtoto: "Hyasinta, maji ya kuku." Hakuna kilichomponyoka. Ukimkatiza kwenye hesabu anakujibu, anarudi palepale alipoachia. Watu walimsifu, na mimi nilijivuna. Kwake yeye kusahau ulikuwa uvivu, au uongo. Hakuona cha tatu.

Hyasinta wetu alichukua njia nyingine. Shuleni walimwita mzito. Mwalimu akisema, "Fungua daftari, andika tarehe, chora mstari, nakili ubaoni," yeye alikuwa bado ana daftari mkononi wenzake wamefika kwenye kunakili. Baba yake alimfundisha jioni kwa sauti ya mizani, mtoto analia, baba anapandisha sauti. Lakini kwenye mafundisho ya komunyo ya kwanza Hyasinta alikuwa wa mbele. Nilikwenda kuchungulia. Katekista aliwapa watoto jambo moja, wakalisema, wakaliimba, wakalipigia makofi, akawatoa nje wakakimbia kulizunguka kanisa, wakarudi wakalisema tena. Ndipo akawapa la pili.

Baada ya somo alinijia akiwa amemshika mtoto bega. "Huyu ni kama mimi," akasema. "Kichwa si kibovu, Mama. Mlango ndio mwembamba. Msisukume vitu viwili kwa pamoja, vitakwama vyote."

Nilifurahi, nikaenda kumweleza mume wangu. Akaacha kula. "Amesema mwanangu ni kama yeye?"

"Amesema kwa wema."

"Mwanangu si zezeta. Na usimpeleke tena kwa yule peke yake."

Nilimpeleka kwa siri. Lakini niwe mkweli, nilikaa nje ya dirisha nikisikiliza, kwa sababu hata mimi sikupenda mtoto wangu awe kama mtu ambaye sikujua kama ni mgonjwa au ni mwongo.

Sasa nifike kwenye kahawa.

Kikundi chetu kilikuwa na mashine ya kumenyea kahawa, chini karibu na mto. Kahawa mbivu inamenywa, inalala ndani ya tangi ichachuke, kisha inafunguliwa maji inashuka kwenye mfereji mrefu wa saruji kuoshwa. Mwisho wa mfereji kuna ubao unaochomekwa kuizuia. Unachomeka ubao, ndipo unafungua maji. Ukifungua maji bila ubao, kahawa inakwenda mtoni. Mtoto anaelewa.

Msimu ule kazi ya kuosha alipewa Katekista. Wengi walipinga, lakini mwenyekiti alisema ni kazi ya mtu mmoja, jambo moja, na mzee hana kipato. Kweli aliifanya vizuri. Alikuwa akifika pale anafukuza kila mtu. "Msiniongeleshe," anasema, na hata padre akipita hajibiwi mpaka maji yafungwe.

Siku ile mimi nilikuwa mtoni nafua. Nikaona maji yanabadilika rangi, yanakuwa na utelezi, kisha punje zikaanza kupita, nyeupe, kidogo, halafu nyingi, halafu mto mzima ukawa kama umemwagiwa uji wa punje. Nikapiga kelele. Wanawake tukaingia na kanga, tukatandaza, tukakinga. Watoto wakaja na vyandarua. Ilikuwa kahawa ya nyumba zote, mavuno ya wiki nene kuliko zote za msimu. Nilimwona mama mmoja, ambaye ada ya mwanawe ilikuwa ndani ya mto ule, amesimama maji yakimfika kiunoni, hakingi tena, anaangalia tu.

Katekista alitokea juu, upande wa mashambani, anakimbia, ubao ule ameubana kwapani. Alifika akafunga maji. Mfereji ulikuwa mtupu, msafi, kama umepigwa deki.

Ubao ule kwapani ndio uliomhukumu. Mtu aliyesahau, watu walisema, angeuacha pale pale chini. Kwa nini autoe auchukue aende nao? Na kwa nini atokee mashambani, si kwake? Kisha mtu akakumbuka kwamba kuna mnunuzi binafsi aliyekuwa anapita majumbani akishawishi watu wamuuzie kahawa mbichi waachane na kikundi. Mwingine akakumbuka kwamba nyumba ya Katekista imepata mabati mapya. Yalitoka kwa binti yake Editruda, aliyeolewa kwetu Liuli, na mimi nilijua hivyo. Lakini hata mimi nilijiuliza mkwe mvuvi amepata wapi bati.

Mkutano ulifanyika kwenye uwanja wa kigango. Mume wangu ndiye aliyesimama kama katibu. Aliongea vizuri, bila hasira, na ndiyo maana aliumiza.

"Katekista," alisema, "taja wasimamizi wa ubatizo wa hawa waliokaa mstari wa mbele."

Mzee, masikini, akafurahi kuulizwa kitu anachokijua. Akawataja wote, mmoja baada ya mwingine, hakukosea.

Baba Hyasinta akawageukia watu. "Mmesikia wenyewe. Mtu anayekumbuka yale ya miaka yote ile, anaweza kusahau ubao alioushika mkononi?"

Hata mimi niliona hoja imefungwa pande zote.

Mwenyekiti akauliza, "Katekista, ulisahau au ulifanya makusudi?"

"Nilisahau."

"Una la kuongeza?"

Alifungua mdomo. Aliangalia upande wetu, wa akina mama na wa meza ya viongozi, akaufunga. "Nilisahau mimi," akasema. "Mnisamehe."

Hawakumsamehe. Alitolewa kwenye kazi, na Jumapili iliyofuata wachache sana walikaa kumsikiliza. Mtu hakumpiga, hakumtukana. Walimsalimu, "Tumsifu Yesu Kristo," naye akajibu, "Milele, amina," na wakapita.

Halafu likaja suala la shamba, nalo liliuma kwa namna nyingine. Mume wangu na mdogo wake Kandidus waligombea kipande cha mteremko, ardhi nzuri ya ngoro, yale mashimo ya kulimia ya huko milimani, tulipokuwa tunapanda maharage. Baba yao aliweka jiwe la mpaka, jiwe likafukiwa na miaka, na aliyekuwepo siku linawekwa akiwa bado hai ni Katekista peke yake. Kandidus akamwita shahidi kwenye baraza la kata. Mzee akaeleza jiwe lilipo, mahali panapompa Kandidus ule mteremko.

Mume wangu alisimama mara moja tu. "Waheshimiwa, huyu ndiye yule aliyesahau ubao wa kahawa. Mnamtegemea kwa jiwe?"

Watu wakacheka, na baraza likacheka. Kandidus akashindwa.

Nilikuwa nimekaa nyuma na mdogo wake Hyasinta mgongoni. Kitu kikanichoma, nikakitafuta ni nini. Kwenye mkutano wa kahawa alikuwa anakumbuka mno hata asiweze kusahau. Kwenye baraza la ardhi alikuwa anasahau mno hata asiweze kukumbuka. Mdomo uliosema yote mawili ulikuwa mmoja. Lakini mteremko ulikuwa umekuja kwetu, na maharage ya pale yanaiva vizuri. Nilifunga kanga, nikaenda nyumbani kupika.

Baada ya baraza lile Editruda alipanda kutoka ziwani akamchukua baba yake. Waliondoka asubuhi, na mizigo ilikuwa michache. Nikasikia mtu akisema nyuma yangu, "Ameondoka na siri yake." Nami nikaitikia.

Mwaka huu, mwanzoni, mama yangu aliugua nikateremka Liuli kumwuguza. Alipopata nafuu nikatoka kwenda ufukweni kununua usipa, dagaa wa ziwa letu. Walikuwa wameanikwa kwenye vichanja mpaka mwisho wa macho, harufu ile niliyokulia. Nikamwona anakuja kati ya vichanja. Amezeeka, amekuwa mdogo, lakini shati bado limefungwa mpaka shingoni. Anatembea haraka, macho mbele, mikono miwili imekumbatia kifurushi.

"Shikamoo, Katekista."

Akanipita. Aliniona, nilijua ameniona, maana jicho liligusa langu. Akanipita kama mti.

Nikasema moyoni, sawa, ana kinyongo, na ana haki yake. Lakini sikuzoea kunyimwa salamu na mzee, nikamfuata. Nilipomkaribia nikasikia anachosema chini kwa chini, bila kupumzika: "Chumvi. Chumvi. Chumvi. Chumvi." Alikwenda hivyo mpaka alipokuwa Editruda, akiwa anageuza samaki. Akamwekea kifurushi mikononi. "Chumvi," akasema kwa sauti. Kisha akashusha mabega, akageuka, uso wote ukafunguka.

"Marahaba, Mama Hyasinta! Nisamehe, nilikuwa nimebeba. Hyasinta hajambo? Bado anaogopa kinyonga?"

Editruda alicheka. "Hapa wamemzoea, dada. Akiwa na kitu kichwani hawamsalimu mpaka akitue. Watoto wenyewe wanaambiana, babu amebeba."

Tukakaa kwenye gogo. Akaniuliza habari za kila nyumba, kwa mpangilio, kama anatembea kijijini. Nyumba yetu aliiruka. Niliona ameiruka. Na mimi, kwa kuwa ndivyo nilivyo, sikuweza kuacha.

"Katekista, watu bado wanasema ulipewa kitu na yule mnunuzi."

"Najua."

"Ulipewa?"

"Sikupewa. Niliitwa."

"Uliitwa na nani?"

Editruda akaacha kugeuza samaki. "Mwambie, baba," akasema. "Umeshamficha mtu vya kutosha."

"Mume wako," mzee akasema. "Siku ile nilianza kufungua maji kabla ya ubao, ubao ninao hapa kwapani, nataka kuuchomeka. Akasimama juu ya njia, na fulana ya kijani ya kikundi. 'Katekista, njoo mara moja.' Nikamwambia, nafungua maji. Akasema, 'Najua. Neno moja tu.' Nikapanda. Akaniuliza jiwe la baba yake liko wapi. Nikamwambia. Akasema, 'Nioneshe.' Tukaenda mpaka kule mteremkoni. Nikamwonesha. Akauliza, 'Huwezi kukosea?' Nikamwambia, la, siwezi. Akauliza nani mwingine anajua. Nikamwambia wote wameshakufa. Akakaa kidogo, akasema asante. Halafu ndipo nikasikia wewe unapiga kelele mtoni. Ilikuwa sauti yako."

Alisema kila neno kwa sauti ya mwenyewe. Ile "neno moja tu" niliisikia kama nimesimama nyumbani kwangu.

"Siku ile ya mkutano kwa nini hukusema?"

"Waliuliza kama nilisahau. Nilisahau mimi. Yeye hakuwa na ubao." Akafuta mikono kwenye suruali. "Na wewe ulikuwa umekaa pale mbele, na mtoto mchanga. Nikaona nikisema, nyumba yako itaingia maji."

"Alijua maji yako wazi?"

"Hilo mwulize yeye. Mimi ya moyoni mwa mtu siyajui. Nakumbuka yaliyosemwa tu."

Nilimtazama usoni kwa makini nikitafuta ufa. Mtu aliyefukuzwa ana sababu ya kuleta moto kwenye nyumba ya aliyemfukuza. Alinitazama na yeye, akangoja, na nadhani alijua kabisa ninachokifanya, maana hakujaribu kunisaidia niamini. Kisha Editruda akamwita avute turubai, mawingu yalikuwa yanakuja kutoka upande wa Malawi. Akanyanyuka, akaanza, "Turubai. Turubai." Sikumuaga. Ningemuaga, angesahau turubai.

Nilipanda kurudi. Nilimkuta Baba Hyasinta uani, simu begani, anapanga magunia, anamwelekeza fundi wa paa kwa kidole. Nikamwandalia chakula, nikangoja akate simu.

"Siku kahawa ilipokwenda na maji," nikasema, "ulimwita Katekista pale kwenye mfereji?"

Miaka yote ya ndoa sijawahi kuona mikono yake yote miwili imesimama. Ilisimama. Fundi aliuliza kitu kutoka juu ya paa, hakujibiwa.

"Nani kasema?"

"Nimeuliza tu."

Akachukua kijiko, akakiweka. "Sikumbuki," akasema.

Mtu huyu anakumbuka uzito wa kila gunia tuliloliuza tangu tuoane. Nilimtazama akila, nikajiona ninamtazama kwa jicho lile lile ambalo kijiji kizima kilimtazamia mzee yule. Inawezekana hakumbuki. Inawezekana aliita tu, kama anavyomwita kila mtu, akidhani vichwa vyote ni kama chake, vinajibu na kurudi palepale. Inawezekana pia alisimama kule mteremkoni akihesabu maji yanayopita. Hakuna mtu mwingine aliyekuwepo, na huyo mmoja aliyekuwepo, nilishawasikia wote wakimcheka na kumwita msahaulifu.

Mwezi wa tatu ulipofika, wanaume walifyeka majani, nasi wanawake tukaingia kuchimba ngoro na kupanda maharage. Nilipanda juu, nikapanda chini. Ule mteremko nikauacha na majani yake yamelala vilevile. Kandidus alipita njiani, akaangalia, akaniamkia, hakuuliza.

Mume wangu aliuliza. Alirudi kutoka shambani akasimama mlangoni na jembe begani. "Mama Hyasinta, kule mteremkoni mbona hujapanda?"

Nikaendelea kupepeta.

"Nilisahau," nikamwambia.